Uzito wa Gunia

Msimu ukifunguka, mimi ndiye wa kwanza ghalani,
kalamu sikioni, daftari la chama mapajani,
vumbi la korosho puani hadi Januari.
Gunia linapanda, mshale unatikisika, unatulia.
Nasoma. Naandika. Natoa kilo moja, uzito wa gunia lenyewe,
maana mnunuzi hanunui katani.
Mzee Nampoto hulalamika kila mwaka:
"Somoe, kilo yangu moja unaipeleka wapi?"
Haikuwa yako, baba. Ilikuwa ya gunia.

Nami napimwa.
Desemba, ngoma zikilia, wali wakitolewa nje
na kanga mpya na miwani ya jua,
wanawake wa ukoo hunitazama kwanza mkononi, halafu tumboni,
halafu juu ya paa langu.
"Huyu na umri wake, tutamchezea mwali gani?"
Shangazi Binti Chilumba hana haja ya mashine:
hubana jicho, huuma kidogo, hutema.
Daraja la pili.

Kaka yangu Dadi yuko Mbagala. Hutuma ujumbe wa sauti:
"Uliosoma nao wana bati la msauzi,
wana vigae sebuleni. Wewe una nini?"
Dakika nne nzima. Nyuma yake kuku wanagombana.

Mwaka jana bei ilipanda mnadani. Posho yangu ikatoka,
laki nne na themanini, zimefungwa mpira.
Kila mtu alikwishazitumia kabla yangu:
mama simenti, Dadi bati, jirani mkopo wa siku tatu.
Nikanunua baiskeli.
Ya mtumba, nyekundu, kengele bubu,
mnyororo unalia kama chura.
Miaka arobaini na minne, na sikuwa nimewahi kuendesha.

Nilijifunzia kwenye uwanja wa zamani wa ndege,
alfajiri, nikidhani ukungu wa Newala utanificha.
Haukunificha. Watoto waendao bombani
waliweka madumu chini wakahesabu:
ameanguka mara sita. Saba.
Mmoja akaja akashika kiti kwa nyuma.
"Usitazame tairi, bibi. Tazama unakokwenda."
Sijui aliachia wapi.

Mtaa ulicheka wiki mbili.
"Ujana umempita, anaukimbiza kwa pedali."
Hilo lilinipendeza, nikaliandika nyuma ya daftari.

Sasa Jumapili nakwenda mpaka Shimo la Mungu,
ardhi inapokatika kama mkate,
na Ruvuma iko kule chini, uzi ulioangushwa na fundi.
Nina ming'oko ya kuchemsha kwenye kifuko, na pilipili.
Hakuna ninachokifanya pale. Nataka lieleweke hilo.
Siombi, simsubiri mtu, sipigi picha.
Nakula. Upepo unapanda kutoka bondeni
unajaza mikono ya gauni langu.

Sijasema bati si kitu. Februari panavuja juu ya kitanda,
nimetega beseni, nalala upande wa ukutani.
Wala sijasema sina wivu:
binti wa jirani alipotolewa
nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka,
kisha nikaenda nyuma kuosha masufuria
ambayo hayakuwa machafu sana.

Jioni moja, ghala tupu, vibarua wameondoka,
nilipanda mwenyewe juu ya mizani.
Mshale ukatikisika, ukatulia.
Sitini na mbili.
Nikatoa moja, ya ndala na gauni
na jicho la Shangazi,
nikaandika sitini na moja kwa penseli
ukurasa ambao mkaguzi haufikii.

Dadi ametuma ujumbe mwingine. Dakika sita.
Nitausikiliza nikirudi.
Tairi la nyuma nimeshalijaza upepo.